Mkono Katika Picha ya Punda

Punda aliingiza kichwa mlangoni, akakitazama chumba, akakitoa nje.

"Amekataa," alisema Mwanahawa.

"Naona, mama," alisema Abeid.

"Hapendi mahali pasipo na dirisha. Hata mimi sipendi."

Abeid akaikamata kamba upya. Shati lake la kaki la serikali lilikuwa limeshamganda mgongoni kwa jasho, na saa tatu ya asubuhi ilikuwa haijafika. Nyuma ya punda alisimama Rashidi, karani wa ofisi, akimsukuma mnyama kwa ncha ya rula, kwa adabu, kama mtu anayesogeza wino usimwagike. Kando yao Bwana Mifugo, Mwingereza mrefu mwenye soksi zilizopanda mpaka magotini, alikuwa akitazama saa yake.

"Karani!" Mwanahawa alipaza sauti. "Karani we! Acha upuuzi, ingia ndani!"

Rashidi aliteremsha rula. "Mama, mimi nimekukosea nini?"

"Sikukuita wewe, mwanangu. Huyu punda ndiye Karani."

"Punda anaitwa Karani?"

"Nilimpa jina hilo tangu mdogo. Ukimwambia jambo, anakutazama tu kwa yale macho yake, kama anayekwambia njoo kesho."

Bwana Mifugo, ambaye Kiswahili chake alijifunza kwa wapishi na madereva, alielewa nusu, nayo nusu hiyo ikamtosha kucheka. Rashidi hakucheka. Alikwenda upande wa pili wa punda, akaanza kumsukuma kwa bega, bila adabu tena, na Karani akaingia.

Ofisi ya Mifugo ya Mtwara mwaka ule wa hamsini na nne ilikuwa ofisi ya ajabu, kwa sababu mifugo yenyewe ilikuwa haba. Mbung'o walikuwa wamewamaliza ng'ombe bara yote ya nyuma, na pwani watu walifuga mbuzi, kuku na subira. Lakini serikali ilikuwa imejenga ofisi, na ofisi ikishajengwa hutafutiwa vitu vya kuwekwa ndani. Mradi wa Waingereza wa kulima karanga ulipofungwa, kambi zikavunjwa na Wazungu wakaondoka kwa meli, ilibaki mashine moja ndogo ya eksirei yenye magurudumu. Ilihamishwa kutoka stoo hadi stoo mpaka mtu mmoja asiyejulikana akaandika barua kwamba wapewe watu wa Mifugo. Abeid, aliyekuwa msaidizi wa mashine hiyo katika hospitali ya kambi, alikuja pamoja nayo, kama kifuniko kinavyokuja na chungu.

Kwa miezi kumi na mmoja alikuwa amewapiga picha mbuzi wawili, mbwa wa polisi, na bata mzinga wa wamisionari ambaye alikufa kwa hasira kabla filamu haijakauka. Siku nyingine zote aliipangusa mashine vumbi, akapima joto la dawa za chumba cha giza, akaandika joto hilo katika daftari ambalo hakuna aliyelisoma. Mkewe, Ashura, alipoulizwa na majirani huko Mikindani mumewe anafanya kazi gani, alijibu, "Anatunza giza."

Leo, kwa mara ya kwanza, palikuwa na mtu aliyelihitaji giza lake.

Mwanahawa binti Ismaili alikuwa mjane wa Mikindani aliyeishi kwa punda mmoja. Karani ndiye aliyebeba chumvi kutoka mashamba ya chumvi hadi mjini, magunia mawili kila safari, miaka tisa. Siku kumi zilizopita alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kulia. Siku ya saba hakuukanyagia kabisa. Mwanahawa alimpandisha kwenye lori lililokuja kuchukua korosho, akasimama naye nyuma mpaka Mtwara, akimshikilia shingo kama ndugu wawili wanaokwenda mazikoni, kwa kuwa alisikia kwamba Bwana Mifugo amefika kutoka Lindi.

Bwana Mifugo aliubonyeza mguu mara moja. Punda alitaka kumng'ata.

"Punda hii kwisha," alisema. "Mfupa vunjika. Mimi leta bunduki."

Mwanahawa hakulia. Alikaa chini palepale, katikati ya ua, akaikunja miguu yake, akaishika kamba kwa mikono miwili. Ilikuwa wazi kwamba atakayetaka kumpiga punda risasi atalazimika kwanza kuandika barua nyingi.

Hapo ndipo Abeid aliposema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua vizuri, "Bwana, tupige picha kwanza. Kama mfupa umevunjika, tutauona."

Bwana Mifugo aliigeukia ile mashine kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa hajawahi kuiona ikifanya kazi. Macho yake yakapata mwanga wa mtoto aliyeonyeshwa kibiriti.

"Filamu ngapi?"

"Tatu, Bwana. Ndizo za mwisho mpaka meli ije."

"Moja ya mbwa ya memsahibu," Bwana alisema akiinua kidole. Memsahibu mmoja wa Shangani alikuwa na mbwa mdogo mwenye nywele usoni, aliyemeza kizibo cha kioo cha chupa ya manukato, na alikuwa ameahidiwa picha kesho yake. "Punda, mbili. Saa kumi mimi kwenda Lindi. Upesi."

*

Neno lile "upesi" ndilo lililoharibu picha ya kwanza.

Abeid alitaka punda apewe dawa ya usingizi. Bwana akasema hakuna nafasi. Abeid alitaka ukwato usafishwe mpaka kwenye mifereji yake, maana tope linaonekana katika picha kama ugonjwa. Bwana akaupiga ukwato kwa brashi mara mbili, akasema, "Safi." Ilikuwako aproni moja tu ya risasi, ya kuzuia miale ya mashine isimdhuru mtu, nzito kama gunia la chumvi, na Bwana aliivaa mwenyewe, akasema atabaki ndani kumwangalia mnyama.

"Simama pembeni pale, Bwana," Abeid alimwambia. "Usimsogelee. Mashine hii ni dhaifu, inahitaji kuhesabu mpaka tatu. Akitikisika, basi. Lakini yeyote asimshike."

"Mimi najua," alisema Bwana.

Rashidi alikuwa nyuma ya ofisi kwenye jenereta, akishikilia mkono wa kuongeza moto, kwa sababu bila kushikiliwa umeme ulilegea katikati ya picha. Mwanahawa alikuwa uani. Abeid alitoka na waya wa kubonyezea, akasimama nyuma ya ukuta mnene wa mawe ya matumbawe, mahali asipoona kitu.

"Tayari!" alipaza sauti, akabonyeza. Mashine ikaunguruma. "Moja… mbili…"

Ndani, kwato zilisikika zikigonga sakafu, na sauti ya Kiingereza, fupi.

"…tatu."

Katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, Abeid alitumbukiza filamu ndani ya dawa. Bakuli la dawa lilikaa ndani ya karai la barafu, barafu ambayo Rashidi aliiomba asubuhi kwa mpishi wa klabu ya Wazungu akaileta kwa baiskeli, nusu yake ikiwa imeshayeyuka na kumlowesha suruali nzima. Bila barafu, joto la Mtwara lingeigeuza picha yoyote kuwa ukungu. Abeid alitikisa filamu polepole, akisubiri kivuli cha ukwato kitokee.

Kilichotokea kwanza ni kidole.

Aliinama. Vikatokea vingine. Vidole vinne na gumba, vyembamba, vyeupe, vimeukumbatia mguu wa punda kama vinavyopokea mkono wa mgeni. Na kwenye kidole cha mwisho, palipokuwa peupe kuliko pote, palikuwa na pete yenye uso bapa.

Mguu wenyewe ulikuwa ukungu mtupu. Mkono ulitoka vizuri sana.

Abeid alikaa humo gizani zaidi ya muda uliohitajika. Alijua kila kiungo cha vidole vile kilikuwa cha nani. Asichokijua ni jinsi mtu wa cheo chake anavyomwambia mtu wa cheo kile. Mwishowe alifanya jambo lililomfaa mwoga mwenye akili: alitoka na filamu ikichuruzika, akaitundika kwenye kamba ya uani, kwenye jua, kila mtu aione, akanyamaza.

Mwanahawa ndiye aliyefika kwanza. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Karani ana mkono?"

"La, mama."

"Hiki si kidole?"

"Ni kidole."

Rashidi alikuja kutoka kwenye jenereta, akaangalia, akaficha mikono yake nyuma ingawa alikuwa mbali kabisa na punda. "Mimi nilikuwa nje," alisema. "Mniandike kwamba nilikuwa nje."

"Mimi nilikuwa hapa hapa," alisema Mwanahawa. "Tena pete yangu hii, marehemu alininunulia Lindi, ina jiwe. Hii ya kwenye picha haina jiwe. Bapa. Na imevaliwa kidole cha mwisho. Mtu gani mwenye akili huvaa pete kidole cha mwisho?"

Wote watatu, bila kukusudia, wakageuka kumtazama Bwana Mifugo. Bwana Mifugo akautia mkono wake wa kushoto mfukoni.

"Mimi hapana shika," alisema.

Kuku alipita katikati yao akielekea kivulini. Ile picha ilizunguka kidogo kwenye kamba, mkono ukawapungia, ukarudi.

"Kidogo," Bwana alisema. "Mimi shika kidogo. Punda cheza."

Abeid akasema, akiitazama filamu badala ya mtu, "Bwana, aliyenifundisha kazi hii alikuwa na vidole sita. Vitatu huku, vitatu huku. Ujana wake, kwao, alikuwa akiwashika watoto wa watu ili watulie wapigwe picha. Kidogo tu, kila siku kidogo. Hakuna hata siku moja aliyosikia maumivu. Kucha zikaanza kukauka mwaka wa kumi. Mwaka wa kumi na tano wakaanza kumkata. Alinifundisha kufunga vifungo vya shati kwa ajili yake kabla ya kunifundisha mashine, na aliniapisha. Mkono huu ukiingia tena mle ndani, mimi sibonyezi."

Rashidi alirudi nyuma hatua moja, kuelekea kwenye jenereta.

"Wewe nasema na mimi?" aliuliza Bwana.

"Nasema na mkono, Bwana."

Bwana Mifugo alitoa mkono mfukoni. Aliutazama juu na chini, akautazama na ule wa kwenye kamba. Alijaribu kukunja vidole, kama anayehakikisha kwamba vyote vinamsikia bado. Kisha akavua aproni ya risasi, akampa Abeid.

"Sasa nini?" aliuliza.

*

Sasa kazi ilifanywa jinsi Abeid alivyofundishwa, na Mtwara haikuwa imeona jambo kama lile.

Kwanza alihitaji uji. Dawa ya usingizi ilikuwa chungu na ilichoma koo, na Karani alipoinusa majini aliipindua ndoo. "Huyo hanywi maji ya watu," alisema Mwanahawa. "Anakunywa uji wa muhogo wenye sukari guru. Nilimzoesha alipokuwa mgonjwa." Akaenda jikoni kwa mlinzi, akapika sufuria nzima, Abeid akapima dawa na kuikoroga humo. Karani aliinywa sehemu kubwa kwa heshima zote, akaibakiza kiasi chini ya sufuria.

Pili, alihitaji bonge la ugali wa muhogo.

"Umeshashikwa na njaa?" Mwanahawa alimuuliza.

"Si wa kula, mama. Nitaujaza kwenye mifereji ya ukwato. Hewa ikibaki mle, inatoa mstari mweusi katika picha, na mtu asiyejua ataapa kwamba ni ufa wa mfupa."

Mwanahawa alimtazama kwa jicho la huruma, jicho ambalo watu humtazamia mtu waliyemdhania msomi wakagundua ni mganga. Lakini alisonga ugali, mgumu kama alivyoagizwa.

Karani alianza kuinamisha kichwa. Mdomo wa chini ulining'inia. Akapiga magoti ya mbele, akafikiri, akalala ubavu juu ya magunia waliyomtandikia, akakoroma.

"Karani amelala!" Mwanahawa alitangaza.

"Alhamdulillahi," alisema Abeid, akiwa amepiga magoti tayari, akiukwangua ukwato kwa kisu kidogo, mfereji baada ya mfereji, mpaka ukawa safi kama sahani. "Mwambie Rashidi aende kwenye jenereta."

Mwanahawa alitoka. Alirudi.

"Karani amelala," alisema tena.

"Nimemwona, mama. Ndiye huyu."

"Yule mwingine."

Rashidi alikuwa juu ya meza yake, shavu juu ya faili, mkono mmoja umeshikilia kijiko. Sufuria ya uji ilikuwa mbele yake, imekwanguliwa. Hakuwa amekula tangu alfajiri kwa sababu ya ile safari ya barafu. Abeid alimpima mapigo ya mshipa, akafunua kope lake moja. Rashidi akatabasamu, akasema kwa uchovu mtamu, "Tangawizi imezidi," akaendelea kulala. Abeid akamgeuza ubavu ili asikabwe, akamweka mlinzi karibu naye amwangalie.

Kwa hiyo ilibidi mtu mwingine ashike jenereta, na mtu mwingine alikuwa mmoja tu. Bwana Mifugo alikwenda nyuma ya ofisi, akaushika ule mkono wa chuma wenye mafuta, akasimama katika moshi na soksi zake nyeupe, mbali kabisa na punda.

"Bwana asiachie mpaka nipige filimbi!" Abeid alipaza sauti, na alipomaliza akajiuliza ni nani aliyesema maneno yale.

Aliweka mifuko midogo ya mchanga huku na huku ya mguu ili usiteleze. Alisimamisha kile kisanduku chembamba chenye filamu nyuma ya ukwato, akakiegemeza kwa mifuko mingine. Alifinya kipande cha waya kwa umbo la herufi, akakibandika pembeni, ili asije mtu akabisha baadaye kwamba ni mguu wa kushoto. Akaipunguza njia ya mwanga kwa kipande cha risasi chenye tundu, uangukie ukwato tu. Alifunga mlango. Ndani alibaki punda peke yake, akiota mambo ya punda.

Moja, mbili, tatu. Filimbi.

Picha ya pili ilitoka safi hivi kwamba Abeid alipoiinua kwenye taa alisahau kwa nini ameipiga. Mfupa wa ukwato ulikaa ndani ya kucha kama kokwa ndani ya tunda, na ungeweza kuhesabu vitundu vidogo vya mishipa pembeni mwake. Hapakuwa na ufa. Lakini katikati kabisa ya mfupa palisimama kitu cheupe, kirefu kama punje mbili za mchele, chenye ncha.

Bwana Mifugo aliangalia mara moja tu.

"Msumari," alisema. Na hapo akasema polepole, na si kwa ukali: "Ndani ya mfupa. Mfupa oza. Hii hapana dawa, mama. Pole."

Mwanahawa alimtazama Abeid, si Bwana. Uso wake ulikuwa unauliza kitu rahisi: je, ndiyo au siyo?

"Bwana," Abeid alisema, "hii ni picha ya mbele. Inaonyesha kulia na kushoto. Haionyeshi mbele na nyuma. Msumari unaweza kuwa ndani ya mfupa, na unaweza kuwa chini yake, nyuma yake, na kivuli kikaangukia palepale. Tupige ya ubavu."

"Filamu ya mbwa," alisema Bwana.

"Ndiyo."

"Memsahibu mimi naahidi."

"Ndiyo, Bwana."

"Saa tisa na nusu."

Bwana Mifugo akaelekea kwenye gari. Abeid akaingia chumba cha giza. Hakuwa amepanga kufanya hivyo, miguu ilikwenda. Katika giza alifungua boksi, akaigusa filamu ya mwisho kwa ncha za vidole, pembeni tu, jinsi inavyoshikwa, akaipakia kisandukuni, akafunga. Alipotoka, Bwana alikuwa mlangoni na bunduki begani.

"Hiyo nini?"

"Filamu ya tatu, Bwana. Nimeshaipakia."

"Toa."

Abeid alikuwa na mke, watoto watatu, na nyumba yenye paa la makuti ambalo upande mmoja lilikuwa linasubiri mshahara wa mwezi ujao. Vyote hivyo vilimpitia kichwani kwa mstari, vimevaa nguo za sikukuu.

"Hapana, Bwana," alisema.

Bwana Mifugo alisimama. Macho yake yalihama kutoka kwa Abeid, yakapita kwa Mwanahawa aliyekuwa amekaa chini na kichwa cha punda mapajani, yakatoka nje, mpaka kwenye kamba uani, ambako mkono ule ulikuwa umekauka sasa na upepo wa baharini ukiuchezesha. Aligeuka akatoka. Wakasikia mchanga ukilia chini ya viatu vyake. Mwanahawa akaziba masikio ya punda kwa viganja vyake viwili, na midomo yake ikaanza kusoma dua.

Nyuma ya ofisi, jenereta ilikohoa mara mbili, ikawaka.

"Toka nje, mama," Abeid alisema. "Toka upesi. Hata wewe."

*

Katika picha ya ubavu msumari ulikuwa umelala chini ya mfupa, nyuma, katika nyama, umbali wa unene wa kadi kutoka mfupani. Haukuugusa.

Bwana Mifugo aliishika filamu juu ya kichwa chake kwenye jua. Akainua na ile ya mbele, akairudia ya ubavu. Alisema neno moja la Kiingereza ambalo Abeid alilijua kutoka kambini na ambalo halisemwi mbele ya wazee. Halafu akapiga magoti kwenye tope la maji ya barafu, akaomba kisu, na yule mtu aliyekuwa na haraka tangu asubuhi akakata ukwato kwa subira ya sonara, Abeid akimsomea picha: "Ndani kidogo, Bwana. Kushoto. Hapo, hapo." Usaha ulitoka kwanza, harufu yake ikamfukuza mlinzi. Kisha koleo likatoa kipande cha msumari wa kasha, cheusi, kilichovunjika kichwa.

"Huo ndio wa kuniulia mtoto?" Mwanahawa alisema. Alitaka kuushika. Akaushika.

Bwana akamwelekeza jinsi ya kuutunza mguu: maji ya moto yenye chumvi nyingi, asubuhi na jioni.

"Chumvi," alisema Mwanahawa. "Ananifundisha chumvi." Hapo ndipo aliposhindwa, akajifunika uso kwa ukaya wake, mabega yakatikisika, na hakuna aliyeweza kusema kama analia au anacheka, kwa sababu sauti zote mbili zilitoka.

Karani wa miguu minne aliamka saa kumi na moja, akaanza kwa kula ugali uliobaki kwenye ukwato wake. Karani wa miguu miwili aliamka baadaye kidogo, akaomba radhi, akaandika katika rejista, kwa mwandiko ulioteremka kama ngazi, kwamba filamu tatu zimetumika na mnyama mmoja amepona. Bwana Mifugo hakwenda Lindi siku ile. Alikwenda Shangani kumwambia memsahibu habari zake, na aliporudi masikio yake yalikuwa mekundu. Mbwa alikitoa kizibo mwenyewe siku ya tatu, kwenye majani ya klabu, wakati wa chai, kizima, na waliokuwapo walisema bado kilinukia.

Filamu ya mkono haikuonekana tena kwenye kamba. Abeid hakuuliza. Lakini meli iliyofuata ilileta kutoka Dar es Salaam maboksi mawili ya filamu, aproni ya pili, na glovu za risasi jozi moja, na kwenye karatasi ya maombi mahali pa sababu Bwana alikuwa ameandika kwa mkono wake maneno mawili tu: vidole vyangu.

Wiki ya saba Abeid aliendesha baiskeli mpaka mashamba ya chumvi, alfajiri, kabla ya kazi. Maji yalikuwa yametoka na udongo ulikuwa laini, unang'aa. Mwanahawa alikuwa amemleta Karani bila mzigo, kamba imelegea mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiseme naye. Ukisema naye atajua unamtazama."

Wakasimama, wakajifanya wanatazama kwingine. Punda alibaki palepale muda mrefu, ameuinua mguu wa kulia kidogo, kama mtu anayepima joto la maji ya kuoga. Kisha akaanza kwenda kuelekea kwenye kichaka cha majani kilichokuwa ng'ambo, polepole, bila kumwomba mtu ruhusa. Mwanahawa aliiachia kamba ikaburuzika. Walipoinamia udongo waliona nyayo tatu zilizozama sana, na wa nne mwepesi, umegusa tu. Hatua ya mbele yake hivyo hivyo. Na iliyofuata, ule wa nne ulikuwa umezama zaidi kidogo. Maji ya chumvi yalikuwa yanaingia ndani yake taratibu, kutoka chini, yakiujaza.